Usiipige Kiki Kwanza: Kuifufua Tustroki ya Zamani Eldoret

Katika maboma mengi ya Uasin Gishu, nyuma ya ghala la mahindi au kwenye pembe ya zizi, kuna pikipiki iliyofunikwa gunia. Ukilifunua utakuta Yamaha AG100 au DT125, pengine Suzuki A100 au TF125, tairi zimelala na kiti kimetobolewa na panya. Iliwahi kumbeba afisa wa mifugo, mchanjaji, padri au mwalimu mkuu. Baadaye ikauzwa mnadani, ikapita mikononi mwa watu wawili watatu. Halafu, karibu mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo na barabara zikajaa boda boda za mipigo minne kutoka India na China, ikasukumwa pembeni. Spea zikaadimika, mafundi vijana wakakua bila kuijua, na hitilafu ndogo ambayo ingemalizwa kwa asubuhi moja ikaifanya ilale miaka kumi.

Kinachokufaa ni kwamba injini hii ya tustroki, yaani ya mipigo miwili, ina vitu vichache vya kuharibika. Haina vavu za juu, haina kemshafti wala cheni ya taimingi. Kuna pistoni, ringi, kranki, na matundu kwenye ukuta wa silinda ambayo pistoni yenyewe huyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka. Kinachokuponza ni kwamba kasha la kranki, pale chini ya pistoni, ndilo pampu inayovuta petroli na hewa na kuzisukuma juu. Kasha hilo likivuja hata kwa upenyo wa uzi, kila kipimo cha kabureta kinakuwa uongo. Fundi aliyelelewa na mipigo minne huanza na plagi, akishindwa anarukia ringi, akishindwa tena anakutangazia kwamba injini imekufa. Mimi nakushauri uishuku hewa kabla ya kuishuku cheche, na uwe mkali kuhusu oili kuliko kitu kingine chochote. Mengine yote yanafuata hapo.

Lakini kwanza karatasi. Nyingi ya pikipiki hizi zilikuwa mali ya serikali, zikibeba namba zinazoanza na GK, na aliyenunua mnadani alitakiwa kuzisajili upya. Wengi hawakufanya hivyo. Muombe muuzaji logibuku, kisha ulinganishe namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu karibu na usukani, na ile ya injini. Tafuta rekodi zake NTSA, mamlaka ya usafiri, kabla pesa hazijatoka mfukoni. Kama jina lililoko ni la marehemu, ujue umejiingiza katika habari za urithi, barua ya chifu na mahakama, na hakuna spana inayofungua nati hiyo. Pikipiki isiyo na karatasi inunue kwa bei ya spea, na ibaki kuwa spea.

Sasa iko uani mwako na vijana wa jirani wameshaizunguka. Kila mmoja anataka kuipiga kiki. Wakataze. Ndani ya silinda iliyokaa muda mrefu kuna kutu, hasa pale ambapo tundu la ekzosi liliachwa wazi na unyevu wa Julai na Agosti ukapata njia. Kiki moja ya nguvu huikokota ringi juu ya kutu hiyo na kuchora silinda ambayo ingeweza kupona.

Toa plagi. Tia giya ya juu, shika gurudumu la nyuma na ulisogeze taratibu mbele na nyuma, ukisikiliza. Likigoma, mimina ndani ya tundu la plagi vijiko vitatu vinne vya dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, uiache. Siku mbili, wiki, hata zaidi; kila jioni ongeza kidogo na ujaribu tena kwa mkono. Usitie bomba kwenye mkono wa kiki ili kupata nguvu, kwa sababu meno ya shafti ya kiki yakinyofoka utaitafuta spea hiyo mpaka Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, na pengine uikose. Ikikataa kabisa, fungua silinda hedi na uigonge pistoni kwa kipande cha mti laini, kamwe si kwa chuma.

Pistoni ikishatembea, fungua ekzosi na uchungulie kwa tochi kupitia tundu lake. Hapa ndipo tustroki inapokupa kitu ambacho mipigo minne haikupi, maana unaweza kuiona ringi na ubavu wa pistoni bila kuifungua injini. Zungusha polepole hadi ringi ionekane, uisukume kwa kijiti cha mti. Ikirudi kama springi, ni nzima. Ikikaa kimya imegandishwa na masizi, na kompresheni yako imeishia hapo. Mikwaruzo mirefu ya wima kwenye pistoni maana yake injini iliwahi kukwama ikiwa moto, na lazima ujue kwa nini kabla ya kuiwasha, la sivyo itarudia.

Ukiwa na ekzosi mkononi, itikise. Nyigu wa udongo hupenda sana bomba lenye giza, na panya hupenda boksi la chujio la hewa. Halafu choma masizi. Toa kizuizi cha ndani kilicho mkiani mwa bomba, ukiweke juu ya makaa mpaka kigeuke kijivu, kisha ukigonge. Usilikate bomba wala kulitoboa ili lipige kelele. Umbo lile la kunenepa katikati na kukonda mwishoni halikuwekwa kwa urembo: wimbi la moshi hugonga sehemu inayokonda, likarudi na kuusukuma ndani mchanganyiko mbichi uliokuwa unataka kutoroka. Mhandisi Walter Kaaden wa MZ, Ujerumani Mashariki, alitumia miaka ya 1950 kulisoma wimbi hilo, na mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alitorokea Magharibi na kupeleka maarifa hayo Suzuki. Mwaka uliofuata Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa 50cc, Degner akiwa juu yake. Fundi anayekata ekzosi kwa msumeno anatupa kazi hiyo yote kwenye takataka.

Tenki na kabureta

Petroli iliyokaa hunuka kama vanishi na kuacha gundi ya kahawia. Imwage mbali na jiko. Asubuhi za Eldoret ni baridi na watu hupenda kufanya kazi karibu na makaa, jambo ambalo kwa tenki la petroli ni kujitafutia kifo.

Kutu ya tenki ina dawa iliyo karibu kuliko unavyodhani, nayo ni molasi, ile ile inayouzwa kwenye agroveti kwa ajili ya ng'ombe. Toa tapu ya mafuta na uzibe tundu lake kwa mpira. Changanya sehemu 1 ya molasi kwa sehemu 9 za maji, jaza tenki mpaka shingoni, uliache wiki moja au mbili. Kutu inalegea yenyewe na chuma kizima hakiguswi. Harufu yake inakera, kwa hiyo liweke mbali na dirisha la jikoni. Vitu vya alumini kama kabureta na tapu usivitumbukize humo, kwa kuwa molasi huvila. Ukimaliza, suuza, kausha upesi juani, na papo hapo zungushia ndani petroli yenye oili kidogo, maana chuma kilichosafishwa hivyo hushika kutu upya kabla ya chai ya saa kumi. Mafundi wengine wa jua kali watakushauri tindikali ya betri. Ni ya haraka kweli, lakini hula bati jembamba pamoja na rangi, na tenki la AG100 halipatikani kila siku.

Kabureta nyingi za pikipiki hizi ni Mikuni za aina moja, na kuzifungua si kazi ngumu isipokuwa kwa skrubu zake. Skrubu za Kijapani zinafanana na zile za msalaba tulizozoea, ila zimechongwa tofauti kidogo, hivyo bisibisi ya kawaida hupanda juu na kuzila. Tumia bisibisi ya kupigwa kwa nyundo na yenye ncha inayokaa vizuri. Ndani, adui ni ile jeti ndogo ya mwendo wa chini, ambayo tundu lake ni jembamba kama unywele. Izibue kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie chuma, kwani kikilipanua tundu hutajua tena unapima nini. Kisha pitisha hewa ya kompresa. Kijana wa kuziba pancha atakufanyia kwa bei ya soda. Angalia sindano ya floti: kama ncha yake imechora pete, ibadilishe, la sivyo petroli itafurika na kujaa kwenye kasha la kranki usiku kucha.

Chujio la hewa la sponji lazima litakuwa limeoza na kuwa unga. Kata jipya, lioshe, uliloweke oili kidogo na ulikamue. Kuendesha bila chujio si suala la vumbi la murram tu. Hewa inayoingia bila kizuizi inakondesha mchanganyiko, na mchanganyiko mkavu katika tustroki ni pistoni iliyoyeyuka.

Moto

Sehemu hii nitaipita haraka kwa sababu fundi yeyote mwenye akili anaijua. Nunua plagi mpya ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu; kwa NGK, kadri namba inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyokuwa baridi, kwa hiyo B8 ni baridi kuliko B7. Mwanya uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Igusishe kwenye mwili wa injini, kivulini, upige kiki polepole kwa mkono. Modeli za zamani zina pointi na kondensa nyuma ya magneto. Pointi zilizolala huota ukungu mwembamba usioonekana kwa urahisi, na kipande cha karatasi ngumu kilichopitishwa katikati yake mara nyingi hurudisha moto wote. Mwanya wake ni milimita 0.3 hadi 0.4. Ukihitaji kuitoa magneto, tafuta pula yake. Usiigonge kwa nyundo wala kuichokonoa kwa patasi, maana sumaku hupasuka na ncha ya kranki hupinda. Ukibadilisha pointi, taimingi imebadilika pia, na tustroki yenye taimingi mbovu inaweza kuwaka ikizunguka kinyumenyume. Utatia giya ya kwanza na kujikuta unarudi nyuma kuelekea ukutani. Hutokea, na si uchawi.

Hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma

Hapa kaa nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo pikipiki nyingi zilizofufuliwa hufa kwa mara ya pili.

Kranki inatokeza pande mbili za kasha: upande mmoja magneto, upande mwingine klachi. Kila upande una oili sili, pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaokumbatia chuma kinachozunguka. Pikipiki inayotembea kila siku huulowesha mdomo huo. Iliyolala miaka hukausha mpira, ukawa mgumu kama plastiki, na siku ya kwanza ya kuwashwa unapasuka.

Sili ya upande wa magneto ikivuja, injini hunyonya hewa safi isiyo na petroli wala oili. Utaona inawaka vizuri, kisha ukiachia akseleta mwendo haushuki; unaning'inia juu, pengine unapanda wenyewe. Watu hukaza skrubu za kabureta mchana kutwa wakidhani kasoro iko hapo. Sili ya upande wa klachi ikivuja, injini hunywa oili ya giyaboksi: moshi mweupe mzito usiokoma, plagi yenye mafuta, na kila ukipima giyaboksi oili imepungua ingawa hakuna tone lililodondoka chini. Ukiona hivyo usiongeze oili ukaendelea na safari.

Namna ya kupima haina gharama kubwa. Ziba tundu la ekzosi na mdomo wa kuingizia hewa kwa vipande vya tyubu vilivyobanwa vizuri. Katika tundu la plagi funga bomba kutoka kwa mashine ya kupimia presha ya damu, ile ya mshale na ya kubinya kwa mkono. Kipimo chake kinaishia 300, na hicho ndicho kiasi kinachokutosha. Ukizidisha unaweza kuzing'oa sili zenyewe. Pistoni iweke chini kabisa ili matundu yawe wazi. Pandisha mpaka 300, uache. Mshale ukishuka taratibu sana kwa dakika kadhaa, injini yako imefungika. Ukianguka, paka maji ya sabuni kila mahali, kwenye mpira wa kabureta, chini ya silinda, kwenye sili ya magneto ukishatoa gurudumu lake, na utaona mapovu yakikuonyesha kidole. Kama hakuna povu popote lakini presha inashuka, tia shaka sili ya klachi, na uthibitishe kwa kusikiliza kwenye tundu la kutilia oili ya giyaboksi.

Usihangaike sana kutafuta sili zenye jina la Yamaha. Kila sili imeandikwa namba tatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Eldoret ni mji wa trakta, kombaini na pampu za maji. Maduka ya beringi yamejaa sili, na ukiwapa namba hizo tatu mara nyingi watakupa iliyo sawa. Hakikisha ina springi ndani ya mdomo na kwamba mpira wake unavumilia petroli na joto. Ya magneto kwa kawaida hubadilishwa bila kupasua kasha. Ya klachi hutegemea modeli, na kwa baadhi italazimu injini nzima ishuke.

Ukiwa hapo, toa na ridi kama modeli yako inazo, zile ndimi nyembamba kati ya kabureta na injini zinazofunguka kuingiza mchanganyiko na kujifunga ili usirudi. Zielekeze juani: mwanga ukipenya kando ya ulimi, au ukingo umemeguka, badilisha. Ridi mbovu hufanya injini iteme petroli nyuma kupitia kabureta na iwe ngumu kuwaka asubuhi.

Ikiwa silinda imeliwa, itabidi ipanuliwe. Pistoni za ziada huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, uipeleke pamoja na silinda, kwa sababu fundi wa mashine hupima kwa pistoni iliyo mbele yake. Karakana zetu zimezoea injini za dizeli za trakta, ambazo silinda zake hazina matundu ubavuni. Mwambie fundi kwa kinywa chako, na urudie, kwamba akimaliza kupanua azilainishe kingo za matundu. Kingo kali zitanasa ringi na kuivunja ndani ya kilomita chache. Wakati wa kuunganisha, mshale juu ya pistoni uelekee ekzosi, na ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake vidogo.

Oili

Tustroki haina akiba ya oili chini ya kranki. Inakunywa ile inayokuja na petroli, inaitumia mara moja, inaitoa kama moshi. Kwa hiyo swali la oili ni la kila lita. Yamaha ilileta mfumo wake wa Autolube mwaka 1964: tenki dogo la pembeni na pampu inayodondosha oili kulingana na akseleta. AG100 na DT125 zinao. Ni kitu kizuri mno kikifanya kazi, na kikifeli huwa hakitoi hata mlio.

Usiuamini mpaka uone. Weka petroli iliyochanganywa kwa uwiano wa 1:50, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita, kisha jaza na tenki la oili, ufungue skrubu ya kutoa hewa kwenye pampu mpaka mapovu yaishe. Angalia bomba linalotoka kwenye pampu kwenda kwa kabureta: oili inapaswa kutambaa, pole pole, na alama kwenye pampu ikae sawa na inavyoelekezwa unapovuta akseleta. Ukisharidhika kwa tenki zima, endelea na petroli tupu. Ukikuta mtu alishaing'oa pampu zamani, kama ilivyo kawaida, changanya 1:25, mililita 200 kwa lita 5, uandike kwa rangi juu ya tenki ili yeyote atakayeazima asiweke petroli peke yake.

Oili yenyewe iwe 2T yenye alama ya JASO FC au FD. Duka linalouza pawa so linayo, maana pawa so pia ni tustroki. Oili ya injini ya gari haichomeki vizuri na itakuachia masizi yale yale uliyoyakwangua juzi. Petroli nayo inunue kwenye kituo chenye wateja wengi. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huwaka ovyo, hugonga, na pistoni hii ndogo haina uvumilivu wa trakta.

Giyaboksi ina oili yake tofauti, kiasi cha nusu lita na zaidi kidogo. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yaliingia. Mwaga, tia mpya, tembea kidogo, mwaga tena. Sahani za klachi huenda zimeshikana kwa kukaa. Kama ni AG100 na aliyeiegesha alikumbuka ile kabari inayoshikilia mkono wa klachi ukiwa umebanwa, huenda amekuokolea kazi.

Kuiwasha

Sasa unaweza kupiga kiki. Kwenye kabureta hizi choki si kifuniko cha kuziba hewa. Ni njia ya pembeni ya petroli, na hufanya kazi akseleta ikiwa imefungwa tu. Kwa hiyo vuta choki, acha akseleta peke yake, piga kiki ndefu na thabiti. Ikishindwa, toa plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, ama moto ni mdogo au umeifurisha. Funga tapu, fungua akseleta yote, piga kiki nyingi bila plagi, kausha, uanze upya.

Itakapowaka, moshi utajaa uani na jirani atakuja kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Ni oili uliyomimina ndani ya silinda, ipe muda. Ila kuwa tayari kwa jambo moja. Kama mwendo unapanda wenyewe na swichi haizimi, ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa kilicholowa, au ushike breki, utie giya ya juu na kuachia klachi. Kisha rudi kwenye kipimo cha presha, kwa maana kuna sehemu uliyoiruka.

Kama umeweka pistoni mpya, kilomita 500 za kwanza usiikamue, wala usiiburuze kwa giya kubwa mlimani. Mwendo wa kubadilikabadilika ndio mzuri.

Urefu wa Eldoret na mteremko wa Kerio

Eldoret imekaa takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, wakati jeti ya kiwandani mara nyingi ilichaguliwa kwa ajili ya nchi za chini. Matokeo yake ni petroli nyingi kwa hewa kidogo: pikipiki inakohoa ukifungua akseleta yote, plagi inakuwa nyeusi ya masizi makavu, na nguvu inakuwa pungufu. Nguvu haitarudi yote hata ufanye nini, kwa kuwa hewa yenyewe haipo. Ila kukohoa kunaondoka ukipunguza jeti kubwa hatua mbili au tatu. Shuka hatua moja moja. Kila mara endesha kwa akseleta kamili kwenye barabara tambarare isiyo na watu, kata swichi na ubane klachi kwa pamoja, simama, utoe plagi. Ukiona kahawia, umefika. Ukiona nyeupe umepitiliza. Rudi juu hatua moja siku hiyo hiyo.

Ukisharekebisha kwa ajili ya mjini, kumbuka kwamba umerekebisha kwa ajili ya mjini. Barabara ya kwenda Iten inapanda mpaka kama mita 2,400, kisha kwenye ukingo wa bonde inadondoka kupitia Tambach hadi Biretwo na bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini. Huko hewa inanenepa, joto linapanda, na jeti uliyoipunguza sasa inatoa petroli isiyotosha. Kama utakaa bondeni kwa siku kadhaa, fungua kabureta na ushushe kile kibanio cha sindano ngazi moja. Sindano inapanda na mchanganyiko unakolea.

Mteremko wenyewe una hatari zaidi, hasa kwa pikipiki inayotumia petroli ya kuchanganya. Mtu huzoea kufunga akseleta na kuiacha injini ishikilie mwendo kwenye giya. Katika mipigo minne hakuna neno. Hapa, akseleta iliyofungwa maana yake petroli haiji, na petroli isipokuja oili haiji, huku pistoni inakimbia mizunguko elfu kadhaa kwa dakika ikiwa kavu. Inakwama ghafla, gurudumu la nyuma linafunga, na kule Tambach upande mmoja wa barabara ni mwamba na mwingine ni upepo. Kwa hiyo teremka kwa breki zaidi, na kila baada ya sekunde chache bana klachi na uifungulie akseleta kidogo injini inywe. Vidole viwili vya mkono wa kushoto visiondoke kwenye klachi. Ukihisi injini inazubaa au sauti yake inakuwa kavu, bana papo hapo. Breki za dramu zikianza kunuka, simama. Na kabla ya kuanza kupanda kurudi, ipime oili ya tenki la pembeni kama unalo, si kwa kukadiria, bali kwa kufungua kifuniko na kutazama, kwa sababu kupanda huko ndiko kunakoinywa.